SOMO LA MKULIMA: Nyigu Rafiki na Wadudu Wanaokula Mizizi ya Malisho

Katika kaunti za Kisii na Nyamira, mashamba mengi ni madogo na ng'ombe wengi hulishwa zizini. Mistari michache ya napia kando ya mahindi au kwenye kingo za matuta ndiyo hubeba maziwa ya nyumba nzima. Upande wa Borabu, ambako baadhi ya mashamba ni makubwa zaidi, wako pia wenye viwanja vya nyasi za kulishia. Kwa wote hao hasara ya malisho ni ileile: napia ikikauka wiki tatu, ng'ombe hupunguza maziwa wiki hizohizo, na pesa ya karo au ya duka hukosekana.

Adui mmoja wa malisho haonekani kwa urahisi kwa sababu anaishi chini ya udongo. Mkulima huona majani yamegeuka manjano, hukimbilia duka la dawa, na humwaga sumu ardhini bila kujua anapigana na nani. Mara nyingi sumu hiyo huua pia wadudu ambao wangemsaidia. Somo hili linahusu wasaidizi hao, hasa nyigu wa vimelea, na namna nchi mbalimbali, Kenya ikiwemo, zilivyowatumia.

Ukimaliza kusoma utaweza:

- kumtambua buu mweupe wa udongoni na kutofautisha madhara yake na ugonjwa wa napia;
- kueleza jinsi nyigu wa vimelea anavyoua mdudu mharibifu;
- kueleza kwa nini nyigu wa kigeni haletwi bila kibali;
- kuchukua hatua nane za kuwatunza nyigu walioko shambani mwako.

1. Kwanza mjue adui

Mabuu weupe ni watoto wa aina mbalimbali za mbawakawa. Buu huyu ni mnene, ana rangi ya maziwa, kichwa cha kahawia na jozi tatu za miguu karibu na kichwa. Ukimchimbua hujikunja kama herufi C. Mbawakawa wengi wa jamii hii hutoka ardhini mvua zinapoanza, hupandana, kisha jike hurudi kutaga mayai kwenye udongo laini, hasa penye nyasi au samadi. Mabuu wanaoanguliwa hula mizizi kwa miezi mingi kabla ya kuwa pupa na hatimaye mbawakawa.

Dalili za mashambulizi yake ni hizi:

- nyasi hugeuka manjano kwa mabaka, si shamba zima kwa mara moja;
- ukivuta nyasi hung'oka kwa wepesi kama mkeka usioshonwa;
- shina la napia hutikisika ukilisukuma, na mizizi yake imetafunwa;
- kuku, kunguru au fuko huchimbachimba mahali hapo.

Usichanganye hali hiyo na ugonjwa wa kudumaa kwa napia. Napia iliyodumaa huchipua majani madogo ya manjano baada ya kukatwa na hubaki fupi, lakini ukiing'oa utakuta mizizi haijatafunwa. Ugonjwa huo huenezwa na mdudu mdogo anayefyonza majani na kwa kupanda vipande kutoka kwa mmea mgonjwa. Dawa ya udongoni haiuponyi. Mmea wa namna hiyo hung'olewa na mahali pake hupandwa mbegu safi.

Jambo lingine: kila buu mweupe si adui. Walio ndani ya lundo la samadi mara nyingi hula samadi na majani yaliyooza, na kazi yao ni kuirutubisha mbolea. Wa kuhesabiwa ni wale unaowakuta kwenye mizizi hai.

2. Nyigu wa vimelea ni nani?

Tukisema nyigu, wengi hufikiria yule anayejenga kiota chini ya paa na kuuma watoto. Yuko mmoja tu katika ukoo mkubwa sana. Nyigu wa vimelea wengi ni wadogo kuliko mbu na hawana haja na binadamu. Wengine hutosha kuzaliwa ndani ya yai moja la nondo.

Kupe hunyonya damu ya ng'ombe, lakini si lazima ng'ombe afe ili kupe aishi. Nyigu wa vimelea ni tofauti. Jike hutafuta mdudu mharibifu na kutaga yai ndani au juu ya mwili wake. Yai huanguliwa, na mtoto wa nyigu humla mwenyeji wake polepole, akiviacha viungo muhimu hadi mwisho. Mharibifu hufa, na badala yake hutoka nyigu mwingine anayeenda kutafuta windo jipya. Ndiyo maana nyigu mmoja aliyeachwa hai leo huwa ni nyigu wengi baada ya wiki chache, jambo ambalo chupa ya dawa haiwezi kulifanya.

Nyigu mzima mwenyewe hali majani wala mizizi. Chakula chake ni maji matamu ya maua, na pia utamu unaotolewa na vidukari. Kwa hiyo shamba lisilo na ua hata moja humfukuza, hata kama limejaa windo.

3. Njia tatu za kumfikia adui aliye ardhini

Nyigu atamfikiaje mdudu aliyefunikwa na udongo? Ziko njia tatu.

*Njia ya kwanza: kuchimba.* Nyigu wa jamii za Tiphia na Scolia huingia ardhini wenyewe. Jike hunusa harufu ya buu na kinyesi chake, huchimba hadi kumfikia, humchoma na kumlemaza, kisha humbandika yai moja mwilini. Mtoto wa nyigu hula akiwa nje ya mwili wa buu, na akimaliza hujisokotea kifuko cha hariri mlemle udongoni.

Majirani zetu wa Bahari ya Hindi walitumia njia hii zaidi ya miaka 100 iliyopita. Kisiwa cha Mauritius kilikuwa kikipoteza miwa, ambayo nayo ni jamii ya nyasi, kwa mabuu wa mbawakawa wanaokula mizizi na shina la chini. Mwaka 1917 nyigu anayeitwa Scolia oryctophaga aliletwa kutoka Madagaska kupambana na mbawakawa Oryctes tarandus, ambaye asili yake pia ni Madagaska. Marekani nayo, katika miaka ya 1920, ilileta nyigu wa Tiphia kutoka Asia kupambana na mbawakawa wa Kijapani, ambaye mabuu wake huharibu nyasi za malisho na za viwanja.

*Njia ya pili: kumsubiri juu.* Mdudu wa udongoni hana budi kutoka siku moja. Nchini New Zealand, ambako maziwa ni uti wa mgongo wa uchumi kama ilivyo kwa kaya nyingi hapa kwetu, fukusi mmoja aliingia na kuanza kula klova, mmea wa jamii ya kunde unaorutubisha malisho. Mabuu wake hukaa ardhini na kula vinundu vya mizizi, vilevile vinavyotengeneza naitrojeni. Watafiti walitafuta nyigu anayeshambulia fukusi mzima anapokuwa juu ya majani. Nyigu huyo, Microctonus aethiopoides wa kutoka Ireland, aliachiliwa mwaka 2006. Fukusi aliyetagiwa yai huacha kuzaa, hivyo mabuu wapya ardhini hupungua bila mtu kugusa udongo.

*Njia ya tatu: kumuwahi kabla hajashuka.* Wadudu wengine huanza maisha juu ya mmea na kushuka ardhini baadaye. Kiwavijeshi vamizi, aliyeingia Kenya karibu na mwaka 2017, hutaga mayai kwenye majani ya mahindi na nyasi, na kiwavi akishiba huingia udongoni kuwa pupa. Nyigu mdogo Telenomus remus hutaga ndani ya mayai ya nondo huyo, na mayai yaliyoingiliwa hugeuka meusi bila kutoa kiwavi. Watafiti waligundua kwamba nyigu huyo tayari yuko Kenya. Hali kadhalika nzi wa matunda wanaosumbua maembe na parachichi: mabuu hudondoka na tunda na kuwa pupa ardhini. Nyigu Fopius arisanus, aliyeletwa na kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe kutoka Hawaii mwaka 2006, hutaga ndani ya mayai ya nzi huyo yakiwa bado kwenye tunda. Ukifika wakati, udongoni hutoka nyigu badala ya nzi.

4. Kenya imejifunza nini?

Nchi yetu si mgeni katika kazi hii. Visa vitatu vinatosha kutufundisha.

*Kisa cha kahawa: jina la adui ni nusu ya tiba.* Katika miaka ya 1920, kidung'ata mweupe mwenye unga alianza kuangamiza kahawa katika nyanda za kati, na hakuacha mimea ya chakula ya wenyeji. Mwanzoni wataalamu walimdhania kuwa ni mdudu mwingine anayefanana naye. Kwa kosa hilo, nyigu walioletwa kutoka nchi za mbali hawakufaa kitu. Alipochunguzwa vizuri ikajulikana kuwa ni aina ya pekee, ambayo leo huitwa Planococcus kenyae, na kwamba kwao ni Uganda. Mwaka 1938 nyigu waliletwa kutoka Uganda, karibu tu na mpaka wetu, na mdudu yule akadhibitiwa. Miaka mingi ilipotea kwa sababu ya jina lisilo sahihi.

*Kisa cha mahindi: nyigu sahihi kwa mahali sahihi.* Bungua anayeitwa Chilo partellus alitoka Asia na kuenea Afrika Mashariki. Mwaka 1993 icipe iliachilia pwani ya Kenya nyigu Cotesia flavipes, aliyeletwa kutoka Pakistan. Nyigu huyo hupenya kwenye tundu la bua hadi kwa kiwavi na kumtagia mayai mengi kwa mara moja. Ukipasua bua na kukuta rundo la vifuko vyeupe kama punje ndogo za mchele kando ya kiwavi aliyesinyaa, hiyo ni kazi ya Cotesia.

Hapa kwetu nyanda za juu, bungua mkuu ni mwingine, Busseola fusca, mwenyeji wa Afrika. Adui wake wa asili ni Cotesia sesamiae, naye ni mwenyeji. Lakini utafiti umeonyesha jambo la kushangaza. Mayai ya Cotesia sesamiae wa pwani hushindwa ndani ya mwili wa Busseola: kinga ya kiwavi huyazingira na kuyaua. Wale wa nyanda za juu, upande wa Kitale, hufaulu vizuri. Jina ni moja, umbo ni moja, lakini mmoja anafaa mahali hapa na mwingine hafai.

*Kisa cha kabichi: kupunguza dawa ni sehemu ya kazi.* Nondo wa mgongo wa almasi, anayetoboa kabichi na sukuma wiki, alikuwa amezoea dawa nyingi. Nyigu Diadegma semiclausum aliletwa kutoka Taiwan mwaka 2001 na kuachiliwa mwaka 2002, kwanza Werugha katika milima ya Taita na kisha upande wa Limuru. Huyu hupenda baridi ya nyanda za juu. Kule Werugha, mwaka mmoja baadaye, viwavi walioingiliwa na nyigu walikuwa wamepanda kutoka karibu 14 hadi zaidi ya 50 katika kila 100, na idadi ya wadudu kwa kila mmea ilishuka kutoka zaidi ya 5 hadi chini ya 1.

5. Kwa nini usilete nyigu mwenyewe?

Baada ya kusoma haya, mtu anaweza kuuliza: mbona tusiagize tu nyigu wa Mauritius au New Zealand tuwamwage kwenye napia? New Zealand hiyohiyo inatupa majibu mawili.

La kwanza ni kwamba nyigu akishaachiliwa harudishwi. Mwaka 1982 walileta aina nyingine ya Microctonus aethiopoides, ya kutoka Moroko, kupambana na fukusi wa alfalfa. Alifanya kazi aliyotumwa, lakini baadaye alikutwa akishambulia pia fukusi wa asili wa nchi hiyo ambao hawakuwa na kosa. Ndipo wa kutoka Ireland alipochunguzwa kwa makini zaidi kabla ya kuruhusiwa.

La pili ni kwamba mdudu naye hujifunza. Fukusi mwingine wa malisho nchini humo alidhibitiwa vizuri na nyigu walioachiliwa mwaka 1991, lakini kadiri miaka ilivyopita uwezo wa nyigu hao ulipungua, kwa kuwa fukusi alijenga ukinzani. Nyigu ni msaidizi mzuri, lakini asiachiwe shamba peke yake.

Kwa sababu hizo, hapa Kenya kiumbe hai yeyote wa kudhibiti wadudu haingizwi nchini bila kibali. Maombi huchunguzwa na kamati ya kitaifa ya kiufundi inayosimamia uingizaji na utoaji wa viumbe na mimea, na Shirika la KEPHIS husimamia karantini. Nyigu hufungiwa na kujaribiwa kwanza: je, atashambulia nyuki, nondo wa hariri au wadudu wengine wenye faida? Atastahimili hali yetu ya hewa? Mtu akikujia sokoni Keroka au Suneka na chupa ya "wadudu wa ng'ambo wa kumaliza funza", usinunue. Toa taarifa kwa afisa wa kilimo wa wadi yako.

6. Hatua nane za kuwatunza nyigu ulio nao

Habari njema ni kwamba nyigu wa jamii za Tiphia na Scolia wako Afrika Mashariki tangu zamani. Huenda umewaona: nyigu weusi wenye manyoya, wengine wana mistari ya manjano au rangi ya machungwa, wanaruka chinichini juu ya nyasi au lundo la samadi kama wanaotafuta kitu kilichopotea. Wanatafuta mabuu. Ni vigumu kuwazalisha kwa wingi, kwa kuwa kila mtoto wa nyigu anahitaji buu wake hai ndani ya udongo. Kwa hiyo kazi yetu ni kuwatunza walioko.

*Hatua ya 1: Chimba kabla ya kuamua.* Chagua sehemu tano za shamba, baadhi penye manjano na baadhi penye afya. Kila sehemu chimba shimo la sentimita 30 kwa 30, kina cha sentimita 15. Hesabu mabuu walio kwenye mizizi, andika idadi na tarehe katika daftari. Rudia baada ya wiki tatu. Ukikuta buu ana kitu cheupe kama punje kimenata mwilini, au kifuko cha hariri cha rangi ya kahawia kwenye udongo, yarudishe ardhini. Hao huenda ni wasaidizi wako.

*Hatua ya 2: Acha maua yachanue.* Panda giligilani au dania, alizeti au kunde kwenye kingo, na acha baadhi ya magugu yenye maua madogo kando ya njia. Mstari mmoja unatosha kuanzia.

*Hatua ya 3: Tumia samadi iliyoiva.* Samadi mbichi huvuta mbawakawa waje kutaga. Ifunike, igeuze, iache ipoe na ipoteze harufu kali kabla ya kuipeleka kwenye napia.

*Hatua ya 4: Waite kuku.* Unapovunja nyasi za zamani ili upande mahindi, mabuu waliomo watahamia kwenye mizizi ya mahindi. Lima wiki kadhaa mapema kwa jembe la meno, geuza udongo jua likiwaka, na waachie kuku na ndege kazi yao.

*Hatua ya 5: Panda desmodiamu kati ya mahindi na napia kuzunguka.* Huu ni mfumo wa sukuma-vuta, uliobuniwa na icipe pamoja na washirika wake na kuenea magharibi mwa Kenya. Harufu ya desmodiamu humfukuza nondo wa bungua na huvuta nyigu wanaomwinda. Napia iliyo pembeni humvuta nondo akatage huko, na viwavi wengi hufa kwa utomvu wake unaonata. Desmodiamu pia huzuia kiduha, hurutubisha udongo na ni lishe nzuri ya ng'ombe. Unapokata napia, anza na mstari wa ndani ulio karibu na mahindi, na usikate yote kwa siku moja ili mtego ubaki.

*Hatua ya 6: Ifahamu nyasi inayoita nyigu.* Mwaka 1997 watafiti walionyesha kwamba nyasi ya molasi, Melinis minutiflora, ikipandwa kati ya mahindi hutoa harufu inayomvuta Cotesia sesamiae. Nyasi hiyo ni malisho pia. Mwenye nafasi anaweza kuijaribu kwenye sehemu ndogo.

*Hatua ya 7: Usichome mabaki yote.* Mabua yaliyokaushwa yanaweza kuwa na bungua, lakini yanaweza pia kuwa na vifuko vya nyigu. Pasua machache. Ukikuta vifuko vyeupe vingi, yalaze mabua hayo pembeni ya shamba kwa wiki mbili nyigu watoke, kisha yakatekate kwa mifugo au mboji. Ukikuta viwavi hai wengi, yakatekate mara moja.

*Hatua ya 8: Zungumza na jirani.* Nyigu hajui mpaka wa shamba. Ukimtunza wewe na jirani akamwaga sumu kila wiki, kazi yako itapotea. Zungumzeni kwenye kikundi, chama cha ushirika au baraza la chifu, mkubaliane.

7. Na dawa je?

Somo hili halisemi kwamba dawa haitumiki kamwe. Linasema iwe ya mwisho, na itumiwe mahali penye tatizo tu. Ukilazimika:

- peleka kwanza sampuli ya mabuu na mizizi kwa afisa wa kilimo, ajue ni mdudu gani;
- nunua bidhaa yenye namba ya usajili ya PCPB pekee, na hakikisha lebo inataja mdudu huyo na mmea huo;
- uliza kama ipo bidhaa ya kibayolojia, kama ile ya kuvu Metarhizium, iliyosajiliwa kwa tatizo lako;
- tibu mabaka yaliyoathirika, usimwage shamba zima;
- usinyunyize maua yakiwa wazi, wala asubuhi nyuki na nyigu wanapofanya kazi;
- heshimu siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye lebo kabla ya kukata napia. Sumu iliyo kwenye majani hupita kwa ng'ombe na inaweza kufika kwenye maziwa anayokunywa mtoto.

Kwenye miteremko yetu, mvua ya jioni hubeba kilichomwagwa shambani hadi kijitoni, na walio chini huteka maji humo. Hilo nalo liwekwe kwenye hesabu.

8. Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

*Je, nyigu hawa watawauma watoto?* Wale wadogo hawawezi. Jike wa Scolia au Tiphia anaweza kuchoma akishikwa mkononi, lakini hana kiota cha kulinda na hawafuati watu.

*Nikiacha dawa leo, nitaona matokeo lini?* Usitarajie wiki ijayo. Mabuu wengi hukaa ardhini miezi mingi, na nyigu huongezeka kizazi baada ya kizazi. Pima kwa misimu: linganisha daftari lako la mvua ndefu na la mvua fupi.

*Nifanye nini napia inakufa sasa hivi?* Chimba na kuokota mabuu kwa mkono kwenye mabaka, wape kuku, weka samadi iliyoiva ili mmea utoe mizizi mipya, kisha ziba mapengo kwa vipande vyenye afya. Kwa wakati huo punguza kukata sehemu hiyo.

*Naweza kununua wadudu rafiki?* Ziko kampuni nchini zinazozalisha baadhi yao, hasa kwa maua na mboga. Thibitisha usajili kwanza. Kwa mabuu wa malisho, njia iliyo mikononi mwa mkulima ni kuwatunza nyigu walioko.

9. Jipime

Jibu maswali haya na familia au kikundi chako kabla ya kusoma majibu.

1. Napia yako ni fupi na ya manjano, lakini mizizi ni mizima. Je, ni kazi ya buu mweupe?
2. Kwa nini nyigu wa kahawa walioletwa mwanzoni hawakufaa?
3. Nyigu anawezaje kupunguza mabuu ardhini bila kuchimba?
4. Umepasua bua na kukuta vifuko vyeupe kama punje za mchele. Utafanyaje?
5. Taja sababu moja ya kutoleta nyigu wa kigeni bila kibali.

*Majibu:* (1) La, huenda ni ugonjwa wa kudumaa. Ng'oa na upande mbegu safi. (2) Mdudu hakutambuliwa sawasawa. (3) Kwa kumshambulia mdudu mzima akiwa juu, au mayai kabla buu hajashuka. (4) Laza bua pembeni kwa wiki mbili nyigu watoke. (5) Anaweza kushambulia wadudu wasio na hatia, na akishaenea harudishwi.

Kama unataka kufanya zoezi la kuchimba mashimo matano katika kikundi chako, muone afisa wa ugani wa wadi yako. Nenda na daftari, na mabuu wachache ndani ya chupa yenye udongo na matundu kwenye kifuniko, pamoja na mizizi ya mmea walimokutwa. Mdudu akitambuliwa sawasawa, ushauri utakaopewa utafaa shamba lako.